Manjano Usoni mwa Mjukuu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Jicho, na hata mkewe, akiwa na neno la kumsema, alianza na "Wewe Jicho," ndipo mengine yafuate. Studio yake ya picha ilikuwa kati ya duka la misumari na saluni, mlango mmoja, dirisha moja. Mbele palikuwa na kaunta, benchi la wateja na kioo cha kujiangalia kabla ya kupigwa picha. Nyuma ya pazia zito jeusi ndipo kazi yenyewe ilipofanyika: chumba cha giza, chenye mabeseni, chupa za dawa, karatasi za picha ndani ya maboksi yasiyotakiwa kuona mwanga, na mashine ya kukuzia picha, ndefu, imeinamisha kichwa kama ndege anayetafuta samaki.

Kupiga picha walipiga wengi. Jina la Jicho alilipata kwenye rangi. Picha ikitoka na rangi isiyo yake, wenzake walishika vichwa. Yeye aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani, akafinya macho, kisha akasema imepatwa na nini.

Kuna siku bibi harusi alimjia na bahasha mkononi na mama yake nyuma kama askari. Akamwaga picha zote juu ya kaunta.

"Tazama! Mpiga picha wenu amenigeuzia wageni vinyonga. Huyu ni shangazi yangu, mtu mzima, mwenye heshima zake. Mbona kijani kama jani la mgomba?"

Jicho alijikaza asicheke, maana shangazi kweli alikuwa anachekesha. "Ukumbini kulikuwa na zile taa ndefu nyeupe, za mrija?"

"Ndiyo, na tulizilipia."

"Basi usimgombeze mpiga picha. Taa zile wewe unaziona nyeupe, mkanda unaziona kijani. Niachie negativu. Keshokutwa njoo umchukue shangazi yako akiwa mzima."

Na kweli shangazi alitoka mzima, na hereni zake. Wengine walikuja na familia za rangi ya machungwa, naye akawaambia walipigwa chini ya balbu. Mzee mmoja alileta mkanda uliokaa miaka kwenye kabati lililo juu ya jiko. Watu wote walikuwa zambarau, na yeye akiapa kwamba ni hujuma ya shemeji yake. "Shemeji yako hana kosa," Jicho alimwambia. "Ni joto, limeupika mkanda wako." Yeye mwenyewe siku moja aliponyokwa na tone la dawa ya pili likaingia kwenye chupa ya dawa ya kwanza, picha zote za mahafali zikatoka za waridi, mwalimu mkuu na ndevu za waridi. Alizitupa, akaosha vyombo vyote, akaanza upya bila kumwambia mtu.

Kwenye kichwa cha mashine palikuwa na vifundo vitatu vya kuzungusha, cha manjano, cha waridi na cha samawati. Utaratibu wake ulikuwa kinyume na mtu anavyodhani: rangi iliyozidi kwenye picha unaiongeza kwenye mashine, ndipo inapungua kwenye karatasi. Picha ina manjano, unazungusha kifundo cha manjano. Mwenye duka la misumari, aliyependa kuja kupiga soga kazi zikilala, alisikia hayo akatikisa kichwa.

"Yaani unamfukuza mwizi kwa kumletea mwizi mwenzake."

"Ndiyo hivyo hivyo," Jicho akamjibu. "Na wote wawili wanakimbia."

Kazi kubwa ilikuwa kujua uzungushe mpaka wapi. Mafundi wengine walitafuta kitu cheupe kwenye picha, shati au shuka, wakazungusha mpaka kiwe cheupe. Jicho hakuziamini nguo nyeupe. Wanawake wa mtaa ule nguo nyeupe walizisuuza kwa buluu ya kufulia, na buluu ikizidi shuka linakuwa na usamawati ambao mtu anauona ni weupe uliotakata, lakini mkanda hauusamehe. Meno nayo yana chai na sigara. Yeye alitazama weupe wa jicho. Akiupata huo, ngozi inakuja yenyewe, midomo inakuja, kila kitu kinakaa mahali pake. Kwa watoto ndiyo ilikuwa raha kabisa, kwa sababu macho yao hayajapigwa na moshi wala vumbi la miaka. Hivyo ndivyo alivyosafisha picha za watoto wa mtaa mzima, na hakuna mama aliyewahi kumrudishia picha.

Alikuwa na binti mmoja, basi. Alikulia chini ya kaunta, ndani ya boksi tupu la karatasi za picha, akinyonyeshwa kati ya mteja na mteja. Baba yake hakumwita kwa jina. Alimwita Mama, tangu akiwa wa kubebwa. Alipoolewa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, Jicho alikaa wiki kadhaa akiweka vikombe vitatu vya chai mezani, mkewe akiondoa kimoja bila kusema kitu.

Binti alipokaribia kujifungua, mama yake alifunga kifurushi cha nguo za mtoto, akasuka nywele, akanunua viatu vya safari. Kisha akateleza bafuni. Mguu ukavunjika, ukatiwa plasta mpaka pajani.

"Tazama," alilia, akiupiga ule mguu kwa kiganja kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nimezaa mara moja tu maishani, mjukuu ndiye huyu, na mimi nimekaa kama gogo."

Jicho hangeweza kumwacha peke yake. Wakabaki wote wawili, wakisubiri simu, ambayo ilikuwa ya mwenye duka la misumari. Siku zikapita kimya, kwa sababu laini ya kule kwa wakwe ilikuwa mbovu. Asubuhi moja jirani akapaza sauti mpaka wa saluni wakatoka.

"Jicho! Kimbia! Binti yako yuko kwenye simu! Acha viatu, wewe, kimbia!"

Alikimbia na kandambili moja.

"Baba! Ni wa kiume. Tumesharudi nyumbani. Ana pua yako, maskini."

"Pua yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, Baba. Ipo tu. Tele." Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa waya, na Jicho akajifuta machozi kwa mkono wa shati huku mwenye duka akijifanya anahesabu kufuli. "Nimelala chumba cha mbele. Mama mkwe amenitundikia mapazia mapya ya manjano, mazito, jua likipiga chumba chote kinakuwa dhahabu. Mume wangu ameshapiga picha, mkanda amempa dereva wa basi la asubuhi. Safisha mwenyewe, Baba. Nataka hapo kwetu wewe ndiye umwone wa kwanza."

Mkanda ulipofika, Jicho aligeuza kibao cha mlangoni kikasema amefunga, jambo ambalo hakulifanya hata kwa kazi za mahafali. Akapasha maji, akapima joto la dawa kwa uangalifu kama anayempimia mtoto uji, akauosha mkanda, akauanika. Ulipokauka akahamia kwenye mashine.

Picha za mwanzo zilikuwa za siku za mimba. Binti amesimama mlangoni kwake, mkono kiunoni, tumbo mbele, anacheka. Zilitoka vizuri mara ya kwanza, bila kifundo kuguswa. Kisha akafika kwa mjukuu. Baba mtoto, ili kumfurahisha baba mkwe wake, alitundika shuka jeupe nyuma kama pazia la studio na kutandika jingine chini, kwa hiyo hapakuonekana ukuta wala mlango. Palikuwa na shuka tu, na juu ya shuka mtoto.

Jicho aliikausha karatasi kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu karatasi mbichi hudanganya rangi, ndipo akawasha taa.

Ngumi mbili ndogo zilizokazwa. Mdomo umefunguka nusu, kama anataka kuuliza kitu. Nyayo zenye mikunjo zikitazama kamera. Pua kweli ilikuwepo, tele. Na mtoto mzima, uso, kifua, nyayo mpaka weupe wa macho, alikuwa manjano.

"Mapazia," Jicho akasema peke yake, na akatabasamu, kwa sababu ugonjwa wa picha alikuwa ameujua kabla hajakaa.

Nyumbani kwake ni chumba na sebule nyuma ya studio, ng'ambo ya ua. Alivuka ua na ile picha ya kwanza, hakuweza kungoja. Mkewe aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka karibu, akaiweka mbali, akaibusu. Kisha akaitazama tena.

"Mbona manjano hivi?"

"Mapazia, mke wangu. Si uliambiwa chumba kinakuwa dhahabu? Mwanga ukipita kwenye kitambaa unabeba rangi yake."

"Mpaka kwenye macho?"

"Mpaka kwenye macho. Mwanga hauchagui."

"Na nyayo?"

"Bibi wewe, mguu wako umeshaufikisha hospitali, sasa unataka na wa mjukuu ufuate. Hebu nipe picha nikaimalize, ukimwona kesho utasema siye."

Mkewe alicheka, maana Jicho alijua kumchekesha hata akiwa na maumivu. Lakini kuiachia ile picha aliiachia polepole.

Jicho akarudi gizani. Akazungusha kifundo cha manjano kidogo, akatoa picha, akakausha, akatazama. Bado. Akaongeza. Bado. Hakuwahi kukutana na manjano makaidi namna ile. Ya mapazia aliyoyazoea yalikuwa yanaondoka kwa kusukumwa kidogo tu. Akaongeza tena, na shuka likaanza kuingia usamawati. Alisimama, akalitazama lile shuka. Buluu hiyo, akajijibu. Mama mkwe wa watu ni mwanamke msafi, amemwaga pakiti nzima kwenye beseni. Akaendelea.

Kulikuwa na picha nyingine, binti amempakata mtoto. Macho ya mtoto yalipokaribia kuwa meupe, uso wa binti ulipauka, ukawa wa majivu, midomo kama ya mtu aliyetoka kwenye baridi. Jicho akamhurumia. "Uzazi si mchezo," akanong'ona. "Mtoto wangu amechoka." Kila kitu picha ilichomwambia, alikuwa na jibu lake tayari, na kila jibu lilikuwa limewahi kuwa kweli kwa picha nyingine, ya mtu mwingine.

Mwisho akaipata. Macho yalitoka meupe kama maziwa. Ngozi ikaja laini, yenye damu, kahawia changa ya watoto waliozaliwa juzi. Jicho aliketi kwenye kiti chake kibovu, akamtazama mjukuu wake, na akalia bila aibu, kwani hapakuwa na mtu. Akasafisha nakala kadhaa. Moja ya mkewe, moja ya kaunta, zilizobaki akazifunga kwenye bahasha ngumu na kumpa dereva wa basi mkononi, akimsisitiza asiziweke juani.

Mtaa mzima ulimwona yule mtoto. Wa saluni walitoka na vitana vichwani. Mwenye duka la misumari alisema pua ile ni ya kutundikia kofia. Mke wa Jicho aliiegemeza nakala yake kwenye birika, na siku hizo hakulalamikia mguu.

Wiki haikuisha, simu ikaita.

"Baba, picha zilifika juzi." Sauti ya binti ilikuwa ya mtu asiyelala, lakini alikuwa anajitahidi kuchangamka. "Uliniponya moyo."

"Kwani moyo ulikuwa na nini, Mama?"

"Nilikuwa namwona wa manjano, Baba. Macho, viganja. Nikataka nimrudishe hospitali. Mama mkwe akasema ni mapazia, na kwamba uzazi wa kwanza ni wasiwasi mtupu. Tukabishana mpaka nikalia. Picha zilipokuja akaniita, akasema, 'Haya, njoo umwone mwanao. Au baba yako wanamwita Jicho bure?' Nikamwona kweli yuko safi. Nikanyamaza."

Jicho alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lile lilikuwa la sifa, nalo lilichelewa kuondoka. "Mapazia yale ni makali," akasema. "Yalinisumbua hata mimi."

"Hapo ndipo sikuelewa, Baba. Picha tulipigia uani, nje, ili apate mwanga. Shuka mume wangu alilitundika kwenye kamba ya nguo. Pazia halikuwepo. Na siku ile bado nilimwona vilevile. Nadhani ni macho yangu tu."

Mwenye duka alikuwa anammiminia mteja misumari kwenye mizani, na Jicho akaisikia ikidondoka mmoja mmoja. Alitaka kuuliza, "Nje kabisa?" lakini alishajibiwa. Shuka lilikuwa nje, juani, na halikuwa la buluu. Lilikuwa jeupe tangu mwanzo. Uso wa binti haukupauka kwa uchovu. Kitu kimoja tu kwenye picha ile kilikuwa na manjano, nacho kilikuwa na manjano ya kwake mwenyewe.

"Mama. Mpeleke mtoto hospitali."

"Lakini kwenye picha si..."

"Picha niliifanya mimi. Manjano yalikuwepo. Niliyatoa mimi kwa mashine, nikidhani ni mapazia. Mpeleke sasa hivi, usimngoje mtu."

Alimsikia akipumua, na nyuma yake sauti nyembamba, kali, kama ya paka aliyebanwa na mlango.

"Baba." Sasa sauti ilikuwa ndogo, ya yule aliyelala ndani ya boksi chini ya kaunta. "Tangu jana hanyonyi. Nimekamua maziwa yanamwagika tu. Huo ndio mlio wake sasa hivi, unausikia? Na mgongo anaupinda nyuma kama upinde. Mama mkwe anasema anajinyoosha."

"Nenda, Mama. Nenda! Nenda!"

Mteja wa misumari aligeuka. Simu ilishakatwa upande wa pili na Jicho bado alikuwa anasema nenda.

Alipofika nyumbani na kumweleza, mkewe hakumkumbusha kwamba yeye aliyaona tangu mwanzo. Angeweza, Jicho alisimama mbele yake akingoja aambiwe. Mwanamke yule aliichukua picha iliyoegemea birika, akailaza kifudifudi, akakivuta kile kifurushi cha nguo za mtoto kilichokuwa bado chini ya kitanda, akampa.

"Nenda. Wa saluni watanisaidia. Na kama kwenda chooni, nitatambaa."

Alifika hospitali siku ya pili asubuhi. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha na sabuni ya kupigia deki. Mjukuu alikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, uchi, amefungwa kitambaa machoni, chini ya taa za buluu. Buluu ilimjaa mwili mzima, mpaka mikunjo ya nyayo. Muuguzi alieleza kwamba mwanga ule unayavunja manjano yaliyo ndani ya damu. Jicho aliitikia kwa kichwa. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mashine kama hiyo, ya kuyatoa kwenye mtoto mwenyewe.

Binti alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kifuani ametota maziwa. Jicho aliketi kando yake. Hakumkumbatia, alingoja kama ataruhusiwa. Binti hakusogea karibu wala mbali.

"Uliyaona, Baba?" aliuliza.

"Niliyaona."

"Na mama?"

"Mama yako aliyaona kabla yangu."

Binti akafumba macho, akapumzisha kisogo ukutani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye mafua, aliyesema kila kitu kwa sauti ya chini. Walishambadilisha mtoto damu. Angeishi, akasema, hilo wamshukuru Mungu. Lakini manjano yakizidi yanapanda mpaka kwenye ubongo, na ya huyu yalipanda. Mengine yataonekana anavyokua.

"Mngemleta siku tatu nne nyuma," alisema, "tungemlaza chini ya taa tu, mkarudi naye nyumbani. Hamkumwona alivyo?"

Baba mtoto, aliyekuwa amesimama kando na mama yake, akatazama viatu vyake. Mama mkwe, mwanamke mnene mwenye macho yaliyovimba kwa kulia, akafungua mkoba kwa haraka. "Daktari, tungejuaje? Tazama mwenyewe alivyokuwa." Akatoa ile picha. Macho meupe, ngozi yenye damu. "Tazama! Hata wewe ungesema nini?"

Daktari aliipokea, akaitazama, akashangaa. Jicho akafungua kinywa, lakini binti alimtangulia.

"Hatukujua, daktari," akasema, na akanyoosha mkono, akaichukua picha kwenye vidole vya daktari, akaikunja mara mbili na kuifumbata kiganjani. "Hatukujua tu."

Afadhali angemtaja baba yake. Afadhali angemtukana pale pale mbele ya wauguzi, akajua jinsi ya kukaa.

Alirudi nyumbani, maisha yakaendelea kama yanavyoendelea, bila kumwuliza. Plasta ya mkewe ilitolewa. Wateja walikuja. Lakini mkono wake kwenye vifundo ulikuwa umekufa. Mtu akileta picha yenye rangi isiyo yake, Jicho aliishika dirishani, akaitazama mno, kisha akauliza, "Huyu ni mzima?"

"Mzima vipi? Ni bosi wangu, jana kanifokea."

"Hajaumwa?"

"Jicho, siku hizi umekuwa daktari? Nitolee huo wekundu niende."

Lakini alishindwa kuutoa. Alizungusha kidogo, akarudisha, akazungusha, akarudisha. Mwisho aliwapa picha zao kama mkanda ulivyowaona, kijani wakiwa kijani, rangi ya machungwa wakiwa rangi ya machungwa, wakagomba, wakaondoka. Wengi hawakurudi. Mwenye duka la misumari aliacha kumtania, na hilo lilimuuma kuliko wateja. Mkewe alimwambia, "Watu wanataka picha, mume wangu, hawataki kupimwa." Alijua. Lakini kila alipokuta rangi usoni mwa mtu, aliona nyayo zenye mikunjo.

Kwenye simu binti alisema kidogo kidogo. Shingo bado haijakaza. Leo amekakamaa saa nzima. Leo amecheka, au tumedhani amecheka. Swali lile la hospitali, 'Uliyaona?', hakulirudia hata mara moja, wala neno la mapazia, na Jicho alikuwa anaishika simu kwa mikono miwili akilingojea.

Mwaka ulipokaribia kuisha binti alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye basi na mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kikining'inia pembeni ya mbeleko, kizito. Mama yake alimpokea mlangoni, wakashikana hapo hapo, watatu, muda mrefu, Jicho akiwa amesimama na begi la safari mkononi.

"Nimekuja kwa ajili ya picha, Baba," binti alisema walipokwisha kunywa chai. "Wanataka picha yake kwenye kadi ya kliniki ya mazoezi ya viungo. Kule kwetu nimeshindwa kumpeleka kwa mtu mwingine."

"Mimi, Mama?"

"Wewe."

Wakaingia studio. Binti alimvisha mtoto shati safi, akamfuta mate, akampakata kwenye kiti cha wateja na kukishikilia kichwa chake kwa kiganja, kwa nyuma, ili mkono usionekane. Mtoto alikuwa mzuri. Ngozi yake sasa ilikuwa ya kahawia iliyokolea, macho yake meupe kabisa, yametazama pembeni kuelekea dirishani, yasishike kitu. Vidole vyake vilikuwa vinajikunja na kujinyoosha taratibu, kama vinasuka uzi usioonekana.

Jicho akainama nyuma ya kamera. Akamwona. Akatoa funguo mfukoni, akazitikisa juu ya kichwa chake kama wapiga picha wote wanavyofanya kwa watoto ili watazame kamera. Mtoto alitazama dirishani. Akazitikisa kwa nguvu zaidi. Akapiga mluzi. Akagonga kaunta kwa kiganja, kofi zito, mkewe akashtuka kule uani.

Mtoto hakupepesa.

Jicho alibaki ameinua funguo hewani, hajui kuzishusha.

"Piga tu, Baba," binti akasema, bila ukali, kama anavyosema mtu aliyekwisha kuvijaribu vyote hivyo nyumbani kwake, siku nyingi, peke yake. "Hageuki."

Jicho akapiga.